Jinsi ya kupiga picha mto Kisat bila kurudi na takataka tupu

Watu wengi wakienda Kisat, mto wa hapa Kisumu, na kamera wanarudi na chupa za plastiki, nepi na povu, basi, na hizo picha zinaweza kuwa za mto wowote ule. Tafuta kwanza nani anautumia huo mto na anautumia aje, ndio uanze kubonyeza.

Anzia juu ushuke nao. Kisat inapita upande wa viwandani na mtaa wa Obunga, inapokea maji ya mtambo wa majitaka, halafu inaingia Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, kwa hivyo ukiifuata kwa miguu utaiona ikibadilika. Piga kila sehemu kwa upana uleule, simu ikiwa kimo cha kiuno, ndio mtu akiziangalia pamoja ajue tofauti ni ya maji.

Enda mapema. Huku ni ikweta, ikifika saa tatu jua ni kali, maji yote yanang'aa na sura za watu zimeingia giza. Kama uko na filta ya polaraiza, yaani kioo cha kukata mng'ao kinachowekwa mbele ya lenzi, izungushe polepole ukiangalia maji, kuna mahali mng'ao unapotea na unaona tope jeusi na mifuko imenasa chini. Huna? Jaribu miwani ya jua ya polaraiza mbele ya lenzi ya simu, si mchezo.

Sasa watu, na hapa usikimbie. Mama anayemwagilia sukuma kando ya mto anajua maji ni machafu, hahitaji umwambie, na anajua pia hiyo picha ikisambaa wateja watamhepa sokoni. Weka kamera kwa begi, msalimie, "Oyawore, mama", mkae, muulize zamani hapo walikuwa wanateka maji ya nini. Akikubali, mwonyeshe kila picha. Akikataa uso wake utokee, omba upige mikono: kucha zenye tope, mkebe wa mafuta uliotobolewa matundu chini, maji yakidondoka kwa majani. Mimi hata naona hiyo ndio picha kali kuliko ya uso. Watoto, ongea na mzazi kwanza, na sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 pia inataka hivyo.

Kwa maelezo ya picha andika ulichoona tu: mahali, tarehe, saa, kama mvua ilinyesha jana. Maji ya kahawia baada ya mvua mara nyingi ni udongo, usiandike sumu, kemikali ni kazi ya maabara. Ukipata bomba linamwaga kitu, piga mdomo wa bomba halafu rudi nyuma uonyeshe linatokea wapi, lakini jina la kiwanda usitaje kama huna ushahidi.

Rudi tena mvua ya Machi mpaka Mei, usimame palepale. Na vaa gambuti omera, sandozi utaziacha kwa tope.