Jinsi ya kutazama Vita Baridi ukumbini kwako, Ijumaa kwa Ijumaa

Usianze na sehemu ya kwanza ya dokumentari hii. Mimi nilianza nayo, na watu kumi na moja wakalala kwenye mikeka yangu kabla Stalin hajakaa meza moja na Churchill.

Nilisomesha historia miaka thelathini na mbili katika skuli za Unguja. Sasa nimestaafu, na kila Ijumaa baada ya Isha majirani wa jengo letu hapa Michenzani huja kwangu kutazama Cold War, dokumentari ya sehemu 24 juu ya ule uhasama wa Marekani na Urusi ya Kikomunisti, iliyoanza kuonyeshwa na CNN, televisheni ya Marekani, Septemba 1998. Wazo lilikuwa la Ted Turner, mwanzilishi wa CNN yenyewe. Kazi akapewa Muingereza Jeremy Isaacs, aliyekwisha kutengeneza The World at War mwaka 1973, na msimulizi ni muigizaji Kenneth Branagh. Mwanangu aliniletea sanduku la diski kutoka London. Nimeshawatazamisha makundi matatu, na kila kundi nimelikosea kwa namna yake. Basi anayetaka kufanya hivi nyumbani au skuli, makosa yangu haya hapa, asiyarudie.

Anza na sehemu ya 10, Kuba. Kisiwa kidogo, wakubwa wawili, siku 13 za Oktoba 1962: watu wa visiwa hawahitaji kuelezwa mara mbili. Utamwona Castro, utamwona McNamara aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, wote wamezeeka, kila mmoja anaeleza siku zile zile kama alivyoziona yeye. Mwisho Warusi wanaondoa makombora yao, na Wamarekani nao, kimyakimya, wanaahidi kuondoa ya kwao yaliyokuwa Uturuki. Hapo mjukuu wangu aliinuka: "Bibi, kumbe walibadilishana!" Tangu usiku ule sikumwita tena, huja mwenyewe.

Baada ya Kuba, chukua sehemu za Berlin ziwe hadithi moja: ya 4, mji ulipozingirwa na chakula kikaletwa kwa ndege, ya 9, Ukuta, lakini ya 23, Ukuta unapoanguka, iweke akiba. Kisha ya 8 (Sputnik, satelaiti ya kwanza ya Warusi), ya 15 (China) na ya 17, ambayo ndiyo yenye Angola na Uhabeshi. Pazia la Chuma, yaani Ulaya ilivyogawanyika pande mbili, na Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita, nawasimulia kwa mdomo wakati kahawa inamiminwa, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Vifaa havina makuu. Televisheni, spika ndogo kwa sababu muziki huwa mkubwa kuliko maneno, ramani ya dunia ukutani, pini, na vibunda viwili vya uzi, mwekundu na buluu. Na usichomeke birika la umeme kwenye ekstensheni moja na televisheni. Spika iliyopo sasa ni ya pili.

Kazi kubwa ni kutafsiri, maana ukumbini kwangu wanaofuata Kiingereza vizuri ni wanne tu. Mara ya kwanza nilitafsiri kila neno. Msimulizi anasema, nasema. Shahidi anasema, nasema. Mpaka sauti ikakauka na hakuna aliyeshika lolote. Siku hizi msimulizi simtafsiri. Kabla ya kubonyeza, nawapa habari nzima kwa dakika tano: nani kagombana na nani, wapi, mwaka gani, kwa ajili ya nini. Halafu nawaacha watazame. Akija shahidi, yule mzee au bibi aliyekaa kwenye kiti anakumbuka, nasimamisha picha, natafsiri maneno yake tu, kisha namwachia tena wamsikie kwa sauti yake. Kwa njia hii sehemu isiyofika saa moja huchukua saa mbili. Sawa. Sehemu moja kwa wiki, usiongeze, hata vijana wakikubembeleza.

Jifunze pia kuuliza habari za kamera. Kila Ijumaa nachagua dakika tatu za picha za zamani, nazima sauti, nauliza: aliyeshika kamera alikuwa upande gani, na nani alimlipa? Mwanzoni watu walinitazama kama nimechanganyikiwa. Nikawaletea ile picha mashuhuri ya Conrad Schumann, askari wa Ujerumani Mashariki anayeruka seng'enge tarehe 15 Agosti 1961, bunduki begani. Picha nzuri ajabu. Mpigaji, Peter Leibing, alikuwa amesimama upande wa Magharibi, na alikuwa akimvizia yule askari kwa muda kabla hajaruka. Je, angesimama upande wa pili tungeona nini? Mgongo wa mtu anayekimbia. Tangu hapo fundi seremala wa ghorofa ya chini hakosi kuuliza, "Mwalimu, na hii kapiga nani?" Wakati mwingine sijui, na namwambia sijui.

Swali jingine ni la viti. Dokumentari hii imehoji mashahidi zaidi ya mia tano, marais kwa askari wa kawaida, na hiyo ndiyo raha yake. Lakini chukua karatasi, uandike kila anayekaa kwenye kiti anatoka nchi gani. Mwisho wa usiku hesabu Moscow na Washington, kisha hesabu Afrika. Sitaki kukuharibia, hesabu mwenyewe. Huko Marekani kwenyewe wapo walioilaumu kwa sababu nyingine: ati imeziweka pande mbili kwenye mizani sawa, kana kwamba Magharibi na Stalin ni mamoja. Lawama hiyo nawasomea, tunabishana. Mimi lawama yangu ni kwamba mizani yenyewe ina visahani viwili tu.

Kwa hiyo lazima uongeze vya kwenu. Nikimaliza Sputnik, nawaambia habari za Tunguu. Wamarekani walikuwa na kituo pale cha kufuatilia vyombo vya angani, na mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyosema naye. Marehemu baba aliwahi kuniambia kuwa watu walikuwa wanakwenda kutazama tu minara. Baada ya Mapinduzi, Aprili 1964, kituo kiliondolewa. Watoto waliozaliwa hapa hapa hawajapata kulisikia hilo, na Tunguu wanaijua kwa daladala.

Baada ya sehemu ya Ukuta nawaambia wageni wagonge ukuta waliouegemea. Majumba haya yalichorwa na Wajerumani Mashariki. Mwaka 1964 Zanzibar iliitambua serikali yao, na Ujerumani Magharibi haikutaka kabisa kusikia mtu akifanya hivyo. Ukaja Muungano tarehe 26 Aprili, na Nyerere akaurithi ugomvi usiokuwa wake. Alitafuta njia ya kati, kwamba Wajerumani Mashariki wawe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Mapema 1965 Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, wakaondoa msaada wao wa kijeshi. Nyerere akawaambia basi chukueni na huo mwingine wote. Ukishalisikia hilo, Berlin haiwi mbali tena.

Kwenye sehemu ya China ongeza TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, kwa mkopo wa Wachina usio na riba. Na kwenye sehemu ya 17 ndipo uzi mwekundu unapofanya kazi. Funga Havana, mji mkuu wa Kuba, maana ni njia za Wakuba tunazozifuata. Vuta mpaka Kigoma, maana Aprili 1965 Che Guevara, mwanamapinduzi mwenzake Castro, alivukia Ziwa Tanganyika kuingia Kongo, na Novemba akarudi mikono mitupu. Vuta mpaka Luanda, Angola, 1975. Vuta mpaka Ogaden, jimbo la Uhabeshi lililogombewa na Somalia, 1977, wakati Moscow ilipomwacha Siad Barre wa Somalia ikahamia kwa Mengistu wa Uhabeshi, na silaha za Kirusi zikawa zinapigana na silaha za Kirusi. Hapa usiharakishe. Kundi la pili niliwapitisha mbio, nikaona wanaitikia kwa adabu tu. Kundi hili niliwaacha wafunge uzi wenyewe, mama wa ghorofa ya tatu, ambaye siku zote huja kwa ajili ya visheti, ndiye aliyesema, "Kwa hiyo hawa Wasomali walilala na rafiki wakaamka na adui." Sikuongeza neno.

Mwisho, mtafute mtu aliyekuwepo. Kila mtaa unaye. Kwetu ni mzee mmoja aliyesomea ufundi Leipzig, Ujerumani Mashariki, mkimya, hukaa karibu na mlango. Ijumaa ya sehemu ya 23 alikuwa ametulia vile vile mpaka zikaja picha za watu wakiandamana barabarani Leipzig usiku, Oktoba 1989, mwezi mmoja kabla Ukuta haujafunguliwa. Akaniomba rimoti. Akasimamisha mwenyewe, akasogea karibu na kioo, akaonyesha kwa kidole ni njia gani walipita, na kwamba yeye na wenzake walifungiwa mabwenini, wakasikia tu vishindo vya miguu. Alizungumza dakika arubaini. Kahawa ikapoa. Sehemu hatukuimalizia, tutaianza upya Ijumaa ijayo, na rimoti nimemwachia yeye.