Namna ya Kusoma Historia ya Viwango vya Kubadilisha Sarafu Mbili

Jedwali la viwango vya kubadilisha fedha huonekana kuwa jambo rahisi: upande mmoja tarehe, upande wa pili tarakimu. Hata hivyo, tarakimu mbili zinazofuatana katika safu moja zinaweza kuwa na asili tofauti kabisa, moja ikiwa ilitangazwa na serikali na kudumu miaka mingi, nyingine ikiwa ilipatikana sokoni katika saa fulani ya siku moja. Mwongozo huu unatumia zaidi pauni ya Uingereza na dola ya Marekani kwa kuwa kumbukumbu zake ni ndefu, lakini njia yenyewe inafaa kwa sarafu zozote mbili.

Kabla ya kuhesabu chochote, andika juu ya jedwali lako ni sarafu ipi inayonunuliwa na ni ipi inayolipwa. Kwa desturi pauni hutajwa kwa idadi ya dola inazonunua, ilhali yen ya Japani hutajwa kwa idadi ya yen zinazohitajika kununua dola moja. Kwa hiyo mstari unaopanda katika mchoro wa pauni huonyesha pauni ikiimarika, na mstari unaopanda katika mchoro wa yen huonyesha yen ikidhoofika. Jambo hili hugusa hata asilimia. Septemba 1949, Uingereza ilishusha thamani ya pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Pauni ilipoteza asilimia 30.5 ya thamani yake kwa dola, lakini Mwingereza aliyehitaji kununua dola alilazimika kutoa pauni zaidi kwa asilimia 43.9. Hesabu zote mbili ni sahihi, mradi msomaji aambiwe ni ipi anayopewa.

Hatua inayofuata, ambayo kwa maoni yangu inastahili muda mwingi kuliko nyingine zote, ni kugawa kipindi chako kwa kufuata utaratibu wa fedha uliokuwapo. Mwaka 1925 Uingereza iliirudisha pauni kwenye dhahabu, yaani thamani yake ikafungwa kwa kiasi maalumu cha dhahabu, kwa kiwango cha kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, takriban dola 4.86, ikaachana na dhahabu Septemba 1931. Mkutano wa kimataifa wa fedha uliofanyika Bretton Woods, Marekani, mwaka 1944 ulizaa mfumo ambamo dola ilifungwa kwa dhahabu, dola 35 kwa wakia, na sarafu nyingine zikafungwa kwa dola huku zikiruhusiwa kuyumba kidogo tu. Ndani ya mfumo huo pauni ilikaa kwenye dola 2.80 kuanzia 1949 hadi Novemba 1967, iliposhushwa hadi dola 2.40. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani alisitisha ubadilishaji wa dola kwa dhahabu, na Juni 1972 pauni ikaachwa ielee sokoni, yaani bei yake ipangwe na wanunuzi na wauzaji.

Anayechora mstari mmoja kutoka 1950 hadi leo, kisha akatafuta wastani wa mabadiliko ya kila mwaka, anachanganya mambo yasiyochanganyika. Utulivu wa kiwango katika miaka ya 1950 na 1960 haukumaanisha kwamba uchumi ulikuwa tulivu. Shinikizo lilionekana kwenye akiba ya dhahabu na fedha za kigeni ambayo benki kuu ilitumia kukitetea kiwango. Kwa vipindi vya namna hiyo, weka takwimu za akiba kando ya takwimu za kiwango, la sivyo utashangazwa na mshuko ambao ulikuwa ukijiandaa kwa muda mrefu.

Kagua pia kama sarafu yenyewe ilibadilishwa. Ufaransa ilianzisha faranga mpya mwaka 1960 kwa kufuta sifuri mbili, na Uturuki ikafuta sifuri sita mwaka 2005. Badili tarakimu zote ziwe katika kipimo kimoja kabla ya kuzilinganisha.

Ikiwa hupati takwimu za moja kwa moja za sarafu zako mbili, pitia sarafu ya tatu. Pauni ilipokuwa dola 2.80 na dola ikiwa yen 360, pauni moja ilikuwa yen 1,008. Baada ya mshuko wa 1967 ikawa yen 864. Hakikisha tu kwamba viwango unavyozidisha ni vya tarehe moja na vya aina moja, kwa maana bei ya kununua, bei ya kuuza na bei ya kati haziwi sawa. Wastani wa mwaka hufaa kwa mapato yaliyopatikana mwaka mzima, na kiwango cha siku ya mwisho hufaa kwa deni linalodaiwa siku hiyo. Mahali ambapo serikali ilidhibiti fedha za kigeni, kiwango rasmi kinaweza kuwa mbali sana na kile ambacho watu walikitumia kwa kweli.

Baada ya hapo, ondoa athari ya mfumuko wa bei. Chukua idadi ya dola kwa pauni, izidishe kwa fahirisi ya bei (kipimo cha kiwango cha jumla cha bei za bidhaa) ya Uingereza, kisha uigawe kwa ile ya Marekani. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kiwango hakikubadilika lakini bei za Uingereza zilipanda kwa asilimia 20 na za Marekani kwa asilimia 5: pauni itakuwa imekuwa ghali kwa takriban asilimia 14, ingawa jedwali halionyeshi badiliko lolote.

Mwisho, kabla ya kutaja sababu, jaribu sarafu yako dhidi ya nyingine kadhaa. Mapema mwaka 1985 pauni ilikaribia kulingana na dola moja, na ni rahisi kuilaumu Uingereza peke yake. Lakini wakati huo dola ilikuwa imepanda dhidi ya takriban sarafu zote kubwa, hata mataifa matano yakakubaliana katika hoteli ya Plaza, New York, Septemba mwaka huo, kuishusha. Kinyume chake, usiku wa kuhesabu kura za Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, Juni 2016, pauni ilianguka kutoka karibu dola 1.50 hadi chini ya dola 1.35 kwa saa chache, na ikaanguka vilevile dhidi ya yuro na yen. Hapo chanzo kilikuwa upande wa pauni.