Ninavyotangaza nyumba za Kimara mpaka zikapata wapangaji

Mimi ni dalali wa nyumba za kupanga, eneo langu ni Kimara ya Dar es Salaam: Kimara Mwisho, Stop Over, Suka na Temboni. Madalali vijana huniuliza mbona picha zao Instagram zinapata laiki tele ila simu haiiti. Nikifungua kurasa zao nakuta maneno yale yale: "Nyumba kali Kimara, bei njoo inbox." Ndugu yangu, mpangaji anatafuta nyumba amesimama kwenye basi la mwendokasi, bando linakaribia kukata. Mjibu kabla hajauliza.

Anza na video. Nikishuka kituoni nasimamisha simu wima, naanza kurekodi huku natembea mpaka getini, baadaye naiharakisha. Mwenye nyumba mmoja wa Suka aliniomba niandike "dakika tano kutoka lami". Nilitembea huku naangalia saa, zikawa dakika kumi na nane, tena kuna mteremko ambao mvua ikinyesha bajaji hazishuki. Nikaandika hivyo hivyo. Alinuna. Ila dada aliyekuja kuiona alikuja akiujua ule mteremko, na alilipa siku ile ile.

Ndani piga asubuhi, mapazia wazi, na lenzi uifute kwanza kwa kitambaa laini. Simama pembeni kabisa ya chumba, simu usawa wa kifua. Kisha onyesha vile ambavyo wengi wanaviruka: bomba, choo na luku, yaani mita ya umeme. Fungua bomba la jikoni maji yaonekane yakitoka, useme ni ya DAWASA, mamlaka ya maji, au ya kisima, na simtanki lipo au halipo. Vuta maji ya choo. Isogelee mita ya luku, useme ni ya mpangaji peke yake au wanachangia. Aliyewahi kuchangia luku na jirani mwenye friji na pasi anajua kwa nini hilo linaulizwa kabla ya rangi ya ukuta. Namba ya mita izibe.

Kama mpangaji wa zamani bado yumo, muombe ruhusa. Watoto wake, picha zake za ukutani na vitu vyake visionekane.

Maelezo yangu huwa hivi:

"Inapangishwa, Suka. Chumba masta, sebule, jiko. Kodi 200,000 kwa mwezi, malipo miezi sita. Udalali kodi ya mwezi mmoja. Jumla ya kuingia 1,400,000. Luku yako, maji ya DAWASA na simtanki. Dakika 18 kwa mguu kutoka lami. Ndani ya fensi mko wapangaji wanne. Pa kuegesha gari hapana."

Ile jumla usiiache. Mtu anataka kujua leo kama hela yake inatosha, na kumficha ni kumpotezea nauli. Alama za reli (hashtag) weka mbili tatu za jina la eneo, zinatosha.

Namba yako ya simu iandike katikati ya picha, maana ikikaa pembeni wezi wa video wanaikata. Hili naliongea kwa uchungu. Kuna mtu alichukua video yangu, akaibandika kwenye ukurasa wake, akawa anaomba hela ya "kuishikilia nyumba". Mama mmoja alimtumia 50,000, akaja getini na mabegi. Nilikuwepo, nikamuona anavyoishiwa nguvu. Tangu siku hiyo kila tangazo langu linaisha na: "Usitume hela yoyote kabla hujaingia ndani na kuonana na mwenye nyumba."

Status ya WhatsApp naweka saa mbili usiku, watu wakiwa wamesharudi nyumbani. Inadumu saa 24 tu, kwa hiyo nyumba ikiwa bado ipo naiweka tena kesho yake. Instagram video inabaki, na hapo ndipo wengi wetu tunakosea: nyumba imeshachukuliwa wiki tatu nyuma, tangazo bado linapokea simu. Funguo zikikabidhiwa tu, andika IMEPANGISHWA juu ya video, siku hiyo hiyo.

Waliokosa usiwaache hivi hivi. Muulize kila mmoja bajeti yake, eneo na tarehe anayotaka kuhamia, andika kwenye daftari. Nikipata nyumba nyingine Temboni, kabla sijaiposti nawapigia hao kwanza.