Kabla ya kupanda basi la West Nile: wajue bakteria kwa milango yao

Kila Desemba mabasi ya kwenda West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, yanajaa hadi pomoni. Watu wanarudi kwao na sukari, mikate, nguo za watoto, na kifuko kimoja cha dawa ambacho karibu kila mtu amekifungasha vilevile: Panadol, dawa ya malaria, na karatasi ya vidonge vya amoksilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, iliyobaki tangu mtoto alipougua sikio. Mimi nafanya kazi maabara hapa Kampala na kwetu ni Zombo, wilaya ya huko West Nile, kwa hiyo kifuko hicho nakijua, nami nimekibeba miaka mingi. Kosa la ile amoksilini si kuwa imebaki tu. Kosa ni kudhani bakteria wote ni ukoo mmoja.

Asubuhi maabara tunaanza hivi. Tone la usaha linapakwa kwenye kioo, kioo kinapitishwa motoni kikauke. Inafuata rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha spiriti kwa sekunde chache, mwisho rangi nyekundu. Ukitazama kwa hadubini utawakuta wengine wamebaki zambarau na wengine wamekuwa waridi. Njia hii aliibuni Hans Christian Gram, mtu wa Denmark, mwaka 1884, na hadi leo ndiyo inayotupa mgawanyo wa kwanza. Wanaobaki zambarau wana ukuta mnene unaoshika rangi: bakteria wa majipu, wa kichomi, wa pepopunda, wa kimeta. Wa waridi wana ukuta mwembamba lakini wamejifunika utando wa nje unaozuia dawa nyingi kupenya: kipindupindu, homa ya matumbo, tauni, brusela. Umbo nalo huangaliwa, kama ni mduara, fimbo au fimbo iliyopinda. Wako pia wakaidi wenye nta ukutani, ambao rangi hizi hawazishiki vizuri mpaka tutumie nyingine kwa moto. Hao ni wa kifua kikuu na ukoma. Wanazaliana polepole mno, na hiyo ni sababu mojawapo ya mgonjwa wa TB kumeza dawa miezi sita. Basi likipita Nakasongola, kumbuka wana ndugu yao pale: kidonda cha Buruli kilipata jina lake la kidunia kutokana na eneo hilo la Buruli.

Lakini msafiri habebi hadubini. Kwa hiyo mimi nikijiandaa nawapanga kwa mlango wanaoingilia mwilini.

Mlango wa mdomo ndio wenye msongamano, na wanaoupitia hawafanani. Bakteria wa kipindupindu haingii kwenye damu. Anakaa utumboni na kumwaga sumu inayofungulia maji ya mwili kama bomba, na mtu mzima aweza kukauka ndani ya saa chache. Anayeua hapo ni ukavu, ndiyo maana pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, zinatangulia kila kidonge katika kifuko changu. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vitamshikilia mgonjwa akiwa njiani kwenda kituo cha afya. Wa homa ya matumbo anapenya ukuta wa utumbo, anaingia damuni, na akiachwa wiki kadhaa anaweza kuutoboa. Huyo anahitaji antibiotiki iliyochaguliwa vizuri, kwa sababu amekwisha kuzoea nyingi za zamani. Wakampala hatuna la kuwasimanga watu wa kijijini hapa: mlipuko wa mwaka 2015 ulihusishwa na maji na juisi zilizouzwa katikati ya mji wetu. Beba vidonge vya klorini, na maji ya kisima uyachemshe mpaka yatokote. Maziwa pia, hata mwenye ng'ombe akikuapia ni safi. Brusela huja na homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Watu humeza dawa ya malaria mara tatu kabla hawajaipima, ilhali tiba yake ni dawa mbili kwa pamoja kwa takriban wiki sita.

Hapa kuna jambo linaloniudhi. Mtu anapata homa, anaingia kakliniki ka kwanza barabarani, anatoka na karatasi imeandikwa "malaria na taifodi". Taifodi ndiyo hiyo homa ya matumbo, na kipimo chake cha haraka, Widal, nimekifanya mara nyingi: tone la majimaji ya damu kwenye kigae cheupe, tone la dawa ya kupimia, unazungusha na kuangalia kama vinaganda vijivipande. Kinachoonekana ni askari wa mwili, na askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu ugonjwa wa zamani, au waliitwa na bakteria mwingine kabisa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, na huchukua siku. Ukimeza amoksilini ya kwenye kifuko kabla damu haijachukuliwa, huenda sisi tukaotesha chupa tupu.

Mlango wa pumzi hauna mengi ya kufungasha. West Nile imo katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo, na kiangazi chenye vumbi ndicho msimu wake. Angalia kadi za chanjo za watoto kabla ya safari, laleni madirisha wazi, na mtu akiwa na homa, kichwa kikali na shingo iliyokakamaa, msingoje kukuche.

Mlango wa ngozi una wawili wanaonitia hofu kuliko wote, kwa sababu wanajua kujifunga kwenye ganda. Bakteria wa pepopunda na wa kimeta wakikosa mazingira mazuri hujigeuza mbegu kavu inayokaa ardhini miaka mingi, na maji yanayochemka hayatoshi kuiua. Kwa pepopunda dawa ni chanjo. Wanawake huipata wakiwa wajawazito. Wanaume, ambao ndio wenye majembe na misumari, wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni. Baba, nenda wewe pia. Kimeta kinahusu nyama ya sikukuu. Mwaka 2004 kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na mwaka 2023 kikaingia kwa watu huko Kyotera. Ng'ombe akifa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani, asichunwe wala asipasuliwe, maana hewa ikigusa damu ile ndipo mbegu zinapotengenezwa. Najua ni vigumu kumwambia mzee aliyepoteza ng'ombe kwamba hata nyama isiliwe. Mwambie kabla ng'ombe hajafa; siku yenyewe hatakusikia.

Fungasha na kadaftari. Andika siku uliyokunywa maji ya mto, siku uliyoshika mzoga, siku mlipochinja. Kipindupindu hujitokeza ndani ya siku tano hivi, tauni ndani ya wiki, homa ya matumbo kati ya wiki moja na tatu, brusela hata baada ya miezi. Watu wengi huugua wakiwa wamesharudi Kampala, wakalaumu chakula cha Kampala, na daktari akaanza kutafuta upande usio wake.

Umebaki mlango wa kiroboto. Zombo na Arua ndizo sehemu za Uganda ambako tauni bado hujitokeza, na dalili ya kwanza haionekani kwa mtu, huonekana kwa panya. Panya akifa na mwili ukapoa, viroboto wake wanatafuta mwili wenye joto. Ndiyo maana kumwaga sumu ya panya bila kwanza kuua viroboto ni kuwahamishia ugonjwa watu. Kwa mtu huanza na homa ya ghafla na tezi lililovimba na kuuma, kinenani au kwapani. Antibiotiki zinazoitibu zipo na zinafanya kazi zikiwahi. Penisilini na nduguze, ile amoksilini ikiwemo, hazimo.

Mwaka mmoja nilifika nyumbani jioni, shangazi akanipeleka ghalani kunionyesha panya watatu waliolala chali kando ya magunia ya mahindi. Alikuwa anacheka, anasema paka wetu safari hii ameamka. Mkono wake ulikuwa umeshainama na ufagio. Nilimwomba auache palepale, tukafunga mlango, tukampigia mhudumu wa afya wa kijiji, na usiku ule watoto wakalala kwa jirani.