Kabla ya kulipia kiwanja, chungulia kisima cha jirani

Kama unanunua kiwanja maeneo yenye matetemeko, ukanda wa Bonde la Ufa kwa mfano, chungulia kisima cha jirani kabla hujalipa, tena wakati wa masika. Maji yakiwa mita mbili tatu tu kutoka juu, na kilichochimbuliwa ni mchanga laini usioshikana mkononi, hapo pana shida. Ardhi ikitikisika kwa nguvu, maji yaliyobanwa kati ya chembe huzitenganisha, na mchanga uliobeba nyumba unageuka uji. Katika tetemeko la Niigata, Japani, mwaka 1964, maghorofa ya mtaa wa Kawagishi-cho yaliinama, moja likalala karibu ubavu kabisa, kuta zikiwa nzima. Zege halikuwa na kosa. Kwa hiyo fundi akikwambia "tutaongeza nondo", mwulize msingi utakaa juu ya nini. Waulize na wazee kama hapo palikuwa mkondo wa mto au kinamasi kilichofukiwa (dalali hatakwambia). Umeshanunua? Mhandisi apime udongo kwanza. Mchanga unaweza kushindiliwa, au nguzo zikashushwa hadi tabaka gumu, ingawa gharama yake si ndogo.