Kufuatilia asili ya neno la matusi: mfano wa "mshenzi"

Anza kwa kulivua neno viambishi: m-shenzi, wa-shenzi, u-shenzi, ki-shenzi. Shina -shenzi ndilo la kusaka.

Kisha fungua kamusi, ya zamani kwanza: ya Krapf (1882), ya Madan (1903), ya Johnson (1939), halafu Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981). Krapf aliandika kabla ya usanifishaji wa miaka ya 1930, kwa hiyo jaribu tahajia tofauti kabla ya kusema neno halimo. Mwaka wa kamusi si mwaka wa kuzaliwa kwa neno, midomoni lilitangulia.

Kazi kubwa ni hii: kwa kila mfano andika nani alimwita nani, wapi, lini. Utaona watu wa pwani wakiwaita hivyo watu wa bara wasio Waislamu. Utaona walowezi wa Kiingereza wakilichukua "shenzi" kwa kitu duni. Leo anaitwa hivyo yeyote asiye na adabu, hata jirani wa kabila lako.

Usiache kinyume chake. "Mstaarabu" linatokana na Kiarabu, kufanana na Waarabu, na hapo ndipo kipimo cha dharau kinapoonekana wazi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuunganisha maneno kwa kufanana sauti tu. Dai asili pale sauti, maana na njia ya kusafiri vinapokubaliana. Tena wasikilize waliotukanwa. Kamusi nyingi za zamani ziliandikwa na wageni.