Kabla hujaing'oa injini ya nitro

Unataka kulihamisha gari lako dogo la rimoti kutoka injini ya nitro kwenda mota ya umeme, na najua kilichokuchosha. Mafuta ya nitro ni methanoli, nitromethani na oili, na hakuna ndege inayobeba mchanganyiko huo kwa furaha. Ukiwa Kampala unasubiri chupa miezi, na siku inayofika plagi ya kuwashia injini imekufa. Ukipanda na gari lako hadi Kabale, hewa inapungua na kabureta inataka kurekebishwa upya. Mota ya umeme haina habari na milima. Kwa hiyo sikukatazi kuhama. Nakukataza kuhama kwa pupa, kama nilivyohama mimi.

Anza na hesabu ya vitu. Kwenye bagi ya moja kwa nane, yaani gari la rimoti lenye ukubwa wa moja ya nane ya gari halisi, inatoka injini, tanki, ekzosi, sevo (kimota kidogo) ya kaba na fito zake za breki. Inaingia mota isiyo na brashi, betri, sahani ya kushikia mota, na ESC, kile kisanduku kinachoiamuru mota iende, isimame au irudi nyuma. Sahani hiyo mafundi wa Katwe, hapo Kampala, watakuchongea vizuri tu, ila wapelekee mota yenyewe mkononi. Ukiwapelekea vipimo kwenye simu utaichonga mara mbili. Risiva, yaani kipokezi cha amri za rimoti, na sevo ya usukani sasa zitakula umeme kutoka ESC, basi hakikisha sevo yako ya zamani inavumilia volti zinazotoka humo.

Plagi za betri ziwe za aina moja kote. Nyekundu kwa nyekundu. Ukikosea hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Namba ya Kv isikulevye. Maana yake ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, mota ikiwa haina mzigo. Kv 2000 kwenye betri ya seli nne iliyojaa, yaani volti 16.8, ni mizunguko 33,600. Vijana wanaona namba kubwa wanadhani wamepata, halafu wanafunga na pinioni kubwa, ile gia ya kwenye mhimili wa mota, juu yake, mota inaungua kabla ya chai ya saa nne. Funga pinioni ndogo kwanza. Endesha dakika tano, simamisha, pima joto. Nitro ilikuwa inakuonya: mlio unabadilika, moshi unapungua, unajua imekosa mafuta. Mota ya umeme haisemi kitu mpaka imekufa. Joto likipita nyuzi 80, punguza meno ya pinioni au pumzika. Na kile kipimajoto cha paji la uso kilichobaki nyumbani tangu korona hakitakusaidia, hicho ni cha joto la mwili. Tafuta cha mafundi kinachovuka 100.

Vumbi letu jekundu linaingia kwenye feni na beringi. Piga brashi kila ukirudi.

Sasa betri, na hapa kaa vizuri.

Seli moja ya lipo, yaani betri ya lithiamu-polima ya magari haya, imejaa ikifika volti 4.2, na ikishuka chini ya 3.0 umeiumiza. Iambie ESC kwamba umeweka lipo, ili ikate yenyewe mapema. Chaji kwa kasi ya kawaida: betri ya mAh 5000 kwa ampea 5, basi. Chaja iwe ya kusawazisha seli, yenye skrini na vitufe, na iwe inakula umeme wa ukutani na wa volti 12 pia, maana unaijua nchi yako na umeme wake. Betri ya gari kubwa, la kupanda watu, ya Ah 50 ina takriban wati-saa 600. Tumia nusu tu. Lipo ya seli tatu ya mAh 5000 inakula kama 55 na ushuru wa chaja juu yake, kwa hiyo unapata mara nne hivi. Ukitaka ya sita, jiandae kulisukuma gari hilo kubwa kurudi nyumbani.

Hayo nilikuwa nayajua. Lililonichoma ni tabia. Mtu wa nitro amezoea kwamba kilichojaa ndicho kilicho salama: chupa ya mafuta unaifunga ikiwa imejaa ili isinyonye unyevu, na inakusubiri. Ijumaa moja ya Aprili nikajaza lipo mbili kwa ajili ya Jumapili. Jumapili ikanyesha. Iliyofuata ilikuwa harusi ya binamu. Betri zikakaa stoo, chini ya mabati, zimejaa pomoni wiki tatu. Nilipozitoa, moja imevimba katikati kama chapati kwenye kikaango. Nikaibonyeza kwa kidole, nikajiambia bado inafaa. Nikaendesha, ikachoka upesi. Jioni nikaitundika kwenye kichaja kidogo cha taa tatu, kile kisicho na kitufe hata kimoja. Saa tatu umeme ukakatika, nami nikaenda kulala.

Saa saba usiku umeme ukarudi. Kichaja kile hakiombi ruhusa, kikaanza chenyewe.

Kilichoniamsha si moto, ni harufu tamu kama vanishi. Moshi mweupe ulikuwa umeshuka hadi magotini. Meza ilikuwa inawaka, pazia limeshika, na betri inatema moto kama jiko la gesi lililopasuka mpira. Nikasimama mlangoni kama mgeni. Aliyetenda ni mama watoto: alitoka na beseni, akachota mchanga wa jirani anayejenga, akamwaga, akarudi, akamwaga tena. Watoto walikuwa wamelala kwa shangazi yao, kwa bahati tu, si kwa akili yangu. Asubuhi jirani akaja kudai mchanga wake, nikamlipa bila kubishana.

Baadaye nikajua kwamba tangu 2016 betri hizi zikisafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na hata ndege za mizigo kanuni ilizitaka ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Wenye ndege wanaogopa betri iliyojaa. Mimi niliihifadhi imejaa stoo kwangu wiki tatu.

Kwa hiyo: betri ya kukaa iwe kwenye volti 3.8 kwa seli, chaja nzuri ina mpangilio wa kuhifadhi. Jaza asubuhi ya siku unayoendesha. Chajia ndani ya sufuria kuukuu juu ya saruji, ukiwepo, macho wazi. Umeme ukikatika, chomoa ukutani kabla hujatafuta mshumaa. Iliyovimba imekwisha, usiitoboe kuitoa hewa, nimeona mtu akijaribu. Usinunue lipo iliyotumika, hata kwa rafiki, hasa kwa rafiki.

Jingine ni ukimya. Nitro ilikuwa inawafukuza watoto uwanjani kwa kelele. Hili la umeme ni kilo tatu na nusu zinazokuja kimya, na mfupa wa mguu wa mtoto hauhimili. Weka mtu mzima upande wa pili wa uwanja. Washa rimoti kwanza, gari baadaye. Ukimaliza, zima gari kwanza. Ukiwa unachomeka betri, magurudumu yawe hewani, vidole mbali na gia. Nywele ndefu zifungwe, kanga pia, na kamba za viatu. Mvua ikianza, ondoka, hata kama muuzaji alikuambia ESC haiingii maji.